Kioo, Tochi na Rangi ya Mdomo

Rubani anayetua kwenye manowari ya kubeba ndege huteremsha ndoano iliyo mkiani, ili inase mmoja wa nyaya zilizotandazwa sitahani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyezikosa zote alikuwa matatani. Sitaha ilikuwa imenyooka, na mbele yake zimeegeshwa ndege nyingine zikiwa na mafuta, watu wakizihangaikia. Kilichowatenganisha ni kizuizi kilichosimamishwa katikati. Mara nyingi kilimzuia, ndege ikavunjika. Mara nyingine ndege ilidunda, ikakiruka, ikawaangukia wenzake.

Jeti zilipoingia, nzito na zenye kasi, mambo yakazidi kuharibika. Mwaka 1954, vita vya Korea vikiwa vimekwisha, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipoteza ndege 776. Kuwakaripia marubani kusingesaidia kitu.

Waingereza walikuwa wameshaanza kulitazama tatizo kwa jicho jingine. Mwaka 1951 ofisa wao, Dennis Cambell, alipendekeza njia ya kutulia ielekezwe upande wa kushoto, kwa nyuzi chache tu. Anayekosa waya akute bahari tupu mbele yake, apae, azunguke, ajaribu tena. Mwaka 1952 waliijaribu kwenye manowari Triumph kwa kuchora tu mistari ya rangi sitahani. Kwa tatizo lililoua watu wengi hivyo, dawa ya rangi na brashi ni rahisi ajabu. Wamarekani hawakukawia: wakaijenga upya sitaha ya manowari yao Antietam.

Likabaki suala la kimo. Rubani aliongozwa na mtu aliyesimama sitahani na vibao mikononi, na kwa mwendo wa jeti ishara zilimfikia kwa kuchelewa. Inasimuliwa kwamba Nicholas Goodhart, ofisa mwingine wa Uingereza, aliazima kioo cha mkobani cha katibu muhtasi, akakichora mstari kwa rangi ya mdomo, akakisimamisha mezani na kukimulika kwa tochi. Akamwambia yule dada atembee kukifuata, asiuache mwanga utoke kwenye mstari. Akaenda akiinama polepole mpaka kidevu kikagusa meza.

Kioo kikubwa kikafungwa melini, baadaye lenzi zikachukua nafasi yake. Na mpaka leo rubani wa jeti, magurudumu yanapogusa sitaha, hapunguzi moto. Anausukuma hadi mwisho, maana hajajua bado kama ndoano imenasa.