Ufunguo wa gari ukigoma: mambo ya kujua kabla hujakwama

Juzi nilikwama ndani ya feri pale Likoni. Nilikuwa nimezima injini, na tulipofika ng'ambo nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Dashibodi ikaonyesha kwamba ufunguo haupo, nami ninao mkononi! Nyuma yangu honi zilishaanza. Kijana mmoja wa mkokoteni akainama dirishani: "Ami, hebu gusisha huo ufunguo kwenye kitufe, kisha ubonyeze." Nikafanya hivyo na gari likawaka.

Niliona haya, kwani gari hilo nimeliendesha miaka mitatu. Lakini naamini si mimi peke yangu. Magari mengi yanayoshuka bandarini kwetu kutoka Japani ni ya kitufe, na kitabu chake cha maelezo mara nyingi huwa cha Kijapani. Kwa hivyo nayaweka hapa niliyojifunza.

Kilichomo ndani ya ufunguo

Ufunguo huu una vitu vitatu. Cha kwanza ni rimoti inayozungumza na gari kwa mawimbi ya redio. Hii hutumia betri ndogo bapa ya volti 3. Nyingi ni CR2032, lakini soma namba iliyoandikwa kwenye betri yako kabla ya kununua. Cha pili ni chipu ya kuzuia wizi, ambayo haihitaji betri hiyo; hupata nguvu kutoka kwa gari lenyewe ikisogezwa karibu. Ndiyo iliyoniokoa feri. Cha tatu ni ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ubavuni, wa kufungulia mlango wa dereva.

Betri ikikaribia kwisha, utaona unabonyeza mara mbili tatu, au mpaka usimame karibu kabisa na mlango. Ukiifungua, tazama pia vyuma inapogusa. Hewa yetu ya chumvi huvitia kutu. Vipanguse kwa kitambaa kikavu. Na kama taa za dashibodi haziwaki kabisa, usiulaumu ufunguo: huenda betri kubwa ya gari ndiyo imekufa.

Hatari zenyewe

Kukwama ni usumbufu tu. Yako mambo matatu yanayoweza kuleta msiba au hasara.

La kwanza ni mtoto kufungiwa ndani pamoja na ufunguo. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupanda joto nyuzi 10 kwa dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Usingoje fundi wala ufunguo wa akiba kutoka nyumbani. Vunja kioo cha dirisha lililo mbali na mtoto. Kioo hununuliwa.

La pili ni kuzima gari likiwa mwendoni. Agosti 2009, karibu na San Diego huko Marekani, pedali ya mafuta ya gari aina ya Lexus ilinaswa na zulia la sakafuni. Gari lilikwenda mbio mpaka likapata ajali, na watu wanne wakafa. Kitufe cha gari lile kilihitaji kushikiliwa kama sekunde 3 ndipo injini izime. Magari mengi ya kitufe hayazimiki kwa kubonyezwa mara moja yakiwa yanakwenda. Yakikufika, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia kwenye N, elekeza gari pembeni, na ukisimama ndipo uzime.

La tatu ni wezi wa maegeshoni. Mwizi akibonyeza rimoti yake wakati ule ule unapofunga, mawimbi ya ufunguo wako yanaweza kuzibwa, nawe ukaondoka mlango ukiwa wazi. Usiridhike na kubonyeza; vuta kitasa kwa mkono.

Fanya leo

Gari likiwa limetulia nyumbani, chomoa ule ufunguo wa chuma na ujaribu kufungua mlango. Kisha toa betri ya rimoti na ujaribu kuwasha gari kwa kugusisha ufunguo kwenye kitufe. Katika magari mengine pa kuuweka ni kwenye tundu maalumu au karibu na usukani. Pajue pa gari lako. Mwonyeshe na mwenzio anayeliendesha. Mimi nilifundishwa huku nikipigiwa honi. Wewe jifunze kwa utulivu barazani pako.