Nembo ya uso, na hii tatuu yangu ya uongo

Wanangu, leo naungama. Hii tatuu ya mkononi nilichorwa nikiwa na miaka 19, muhula ule ule nilioacha chuo. Mamangu alipoiona hakunisemesha siku tatu. Nikajitetea: mama, hii ni ya kikabila, mambo yetu ya Kiafrika.

Wapi! Ile michoro mieusi yenye ncha kali yatoka visiwa vya Pasifiki na Borneo. Hata neno lenyewe ni la huko, tatau. Waingereza walirudi nalo baada ya Kapteni James Cook kufika Tahiti mwaka 1769.

Ya kwetu nimekutana nayo juzi tu, nikipiga video Ndia Kuu. Kuna duka la vinyago ukitoka Ngomeni, na ukutani palikuwa na kinyago cha uso, mashavu yamejaa mistari ya kwenda upande na kurudi. Muuzaji akaniambia ni cha Kimakonde. Nikadhani ni pambo la mchongaji. Kumbe ni nyuso za watu kweli.

Kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, Wamakonde walichanjwa hivyo. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, akasugua mkaa wa mbegu za mbarika, na kidonda kikipona yabaki rangi ya buluu iliyokolea. Wanawake waliongeza ndonya kwenye mdomo wa juu. Ukiuona uso, ushajua ni mtu wa wapi. Kiswahili chaziita chale, au nembo. Nembo! Neno lile lile tunaloita ile ngao ya serikali iliyo kwenye jalada la pasipoti.

Na hapo ndipo nilipoumia. Wamakonde walikuja Kwale enzi za mkoloni kufanya kazi mashamba ya mkonge, na ya miwa kule Ramisi. Wakazaa, wakapata wajukuu hapa hapa. Uhuru ukaja 1963, na miongo ikapita hawana kitambulisho. Bila kitambulisho hupigi kura, hufungui akaunti, hata laini ya simu waazima jina la mtu. Alama iliyosema "huyu ni wetu" kule Mueda, huku ikawa yasema "huyu mgeni". Halafu kinyago chenye alama hiyo hiyo twamuuzia mtalii kwa bei ya juu, tena kwa fahari.

Oktoba 2016 wakashika njia kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Februari 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Sasa wana kadi, na chale zimebaki kwa wazee, maana vijana hawachanjwi tena. Siwalaumu, yauma ile.

Video nimeiweka jana. Komenti ya kwanza: "Bro, hiyo yachorwa wapi, nataka ya shingoni." Sijamjibu bado. Wewe ungemwambiaje?