Mjusi-nyasi

mjusi-nyasi *nm* (wingi: mijusi-nyasi) [a-/wa-] Mjusi mwembamba mwenye umbo la nyoka, aishiye katika nyasi za nyanda za juu. Jina la kisayansi: *Chamaesaura miopropus*.

Mbeya na Iringa ni miongoni mwa makao ya mjusi huyu nchini Tanzania. Amwonaye kwa mara ya kwanza humdhania nyoka, na neno “nyoka” likishatamkwa, fimbo hufuata. Kosa hilo linaeleweka. Mkia wake ni mrefu mara tatu hivi kuliko kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Miguu ya mbele imedumaa hata ni vigumu kuiona, na ya nyuma ni kama vijiti viwili. Hata hivyo ana kope zinazofumba na kufumbua, na tundu la sikio nyuma ya taya. Nyoka hana vyote viwili. Mjusi-nyasi hana sumu. Chakula chake ni panzi na wadudu wengine.

Kitenzi “kutambaa” hakimtoshi. Ndani ya majani marefu yeye huogelea: mwili na mkia husukuma mashina ya nyasi, na magamba yake makwaruzi huyashika. Mkia ukikatika huota tena, lakini hadi hapo mwendo wake huwa umepungua sana. Vilevile haifai kusema “mjusi-nyasi ametaga”. Tofauti na mijusi wengi, yeye *huzaa* watoto walio hai, kama wafanyavyo karibu jamaa zake wote wa familia ya Cordylidae, ambayo haipatikani nje ya Afrika.

Jina la kisayansi lilitolewa na George Albert Boulenger mwaka 1894. *Chamaesaura* ni Kigiriki, yaani “mjusi wa chini ardhini”. Jina la Kiswahili linamfaa zaidi, kwa sababu bila nyasi mwili huu hauna kazi. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Moto wa kiangazi humkuta mahali pasipo shimo wala jiwe la kujificha, na uwanda uliolimwa au kupandwa miti hauna mashina ya kusukuma. Mufindi, sehemu kubwa ya nyasi za asili imegeuka mashamba ya misindano na chai. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, lakini nyasi nyingi za nyanda hizo zimo nje ya mipaka yake.

Matumizi: Wingi hufuata umbo la mi-, ilhali upatanisho ni wa viumbe hai: *mijusi-nyasi hawa wamejificha*, si *mijusi-nyasi hii imejificha*. Upatanisho pekee haumtofautishi na nyoka, kwani wote ni a-/wa-. Jina lenyewe ndilo litofautishalo.

Mfano: *Weka fimbo chini, huyo ni mjusi-nyasi; tazama anavyopepesa kope.*

Linganisha: guruguru (mjusi mkubwa achimbaye mashimo); kenge; mjusi-kafiri.