Sataranji Mbele ya Khalifa: As-Suli, Ta'biya na Hukumu ya Mchezo

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Khalifa al-Muktafi, aliyetawala Baghdad mwaka 289 hadi 295 Hijria (902–908), alikuwa na mchezaji wake wa sataranji, al-Mawardi. Asidhaniwe kuwa ni Imam Abul Hasan al-Mawardi, faqihi wa Kishafii aliyeandika al-Ahkam as-Sultaniyya. Huyo alifariki mwaka 450 Hijria (1058).

Al-Mas'udi anasimulia kuwa Abu Bakr as-Suli alipoletwa kushindana naye, Khalifa alimshangilia al-Mawardi waziwazi, hata as-Suli akababaika mwanzoni. Kisha akatulia na kumshinda bila shaka yoyote. Mapenzi ya Khalifa yakamhamia mshindi.

Zama zile waziri alikwenda nyumba moja tu kwa mshazari, na askari nyumba moja moja tangu mwanzo, kwa hiyo majeshi yalichelewa kukutana. Kila mchezaji alianza kwa kupanga kete zake katika umbo alilolichagua. Mpango huo uliitwa ta'biya, yaani kupanga jeshi kwa vita. Ta'biya zilikuwa na majina, kama Mujannah na Mashaikhi, na as-Suli mwenyewe aliandika kuhusu mchezo huu.

Ama hukumu yake, wanavyuoni wamekhitalifiana. Wengi katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameukataza. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi kwetu Afrika Mashariki, kauli mashuhuri, kama alivyoibainisha Imam Nawawi, ni kuwa ni makuruhu. Nao huwa haramu ukiingia kamari au ukimpitishia mtu wakati wa sala. Nardi, inayochezwa kwa dadu, imekemewa katika hadithi iliyopokewa na Muslim.

Hapa pana somo kwa vijana wetu, wawe Nyabibuye, Kibondo au Kasulu, hata kama mbele yao pana bao au drafti. Soda anayolipa aliyeshindwa ni dau, ingawa haiitwi kamari. Na Alasiri haimngoji anayetaka kumaliza mchezo.

As-Suli alifariki Basra mwaka 335 Hijria (946) akiwa mafichoni. Ubingwa haukumkinga. Kinachowafaa watu hadi leo ni elimu aliyoiandika, kikiwemo Kitab al-Awraq, tegemeo la wanahistoria wa Bani Abbas. Basi na tupime saa zetu zinaishia wapi.

Wallahu a'lam.