Mbimba: Kituo Chetu cha Kahawa

Mkulima wa Mbozi anayevuna leo bila kubeba bomba la dawa mgongoni kila mvua ikinyesha anavuna jasho la watu wengi, na wa Mbimba wamo.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliundwa mwaka 2000 na kuanza kazi mwaka uliofuata, makao makuu yakiwa Lyamungu, Kilimanjaro, ambako utafiti wa kahawa ulianza tangu miaka ya 1930. Sisi wa Mbimba, jirani na Vwawa, tukawa jicho lake huku Mbozi. Wakati ulikuwa mgumu: bei ya kahawa duniani imeanguka, na mahindi yanapendwa kuliko mibuni. Profesa James Teri, aliyetuongoza miaka hiyo, nalitaja jina lake kwa heshima kubwa.

Adui wetu alikuwa chulebuni, ukungu unaoozesha buni zingali kijani. Ulionekana Kenya mwaka 1922, baadaye ukavuka kwetu, na dawa ya kuuzuia ilikula faida yote. Watafiti wa Lyamungu walikuwa wamechavusha mibuni yetu kwa Rume Sudan na Mahuluti ya Timor, aina zenye ukinzani, wakangoja miaka. Mwaka 2005 aina chotara za kwanza zikaidhinishwa, za ukoo wa N39 na KP423. Furaha ile sijaiona tena!

Lakini chotara haioteshwi ovyo kwa mbegu yake. Watoto hawafanani na mama. Ndipo zikaja bustani mama za kukatia vikonyo, na miche iliyooteshwa kwa vikonyo hivyo. Nikipanga daftari za majaribio kwenye maboksi ili nikabidhi ofisi, namkumbuka mzee mmoja wa Kinyiha aliyekataa maneno yetu yote. Alipanda miche michache kando ya mibuni yake ya zamani. Mvua zilipokolea, ya zamani ikadondosha buni nyeusi, ile mipya ikasimama. Akarudi kuulizia miche ya shamba zima.

Baada ya hapo: aina nyingine zikafuata, zikiwemo fupi, wakulima wengine wakajifunza kubebesha aina mpya juu ya mibuni ya zamani, na mwaka 2016 tukawa chini ya Mkoa mpya wa Songwe. Ufadhili wa nje ulipopungua tulibana matumizi, nasi hatukufunga milango.

Shukrani kwa madereva wetu, vibarua wa kitalu, vyama vya msingi, na hasa akina mama wa vikundi vya bustani mama. Bila mikono yao miche isingefika Isansa, Igamba wala Ileje.