Nyanya Anaposahau Njia ya Nyumbani: Historia Fupi ya Ugonjwa na ya Wanaouguza

  

Leo tunamzungumzia mzazi mzee anayesahau jina la mwanawe, anayeuliza jambo moja mara kumi, anayetoka usiku akisema anakwenda kwao ilhali yuko kwake. Wengi husema, "Ni uzee tu." Wengine husema ni laana, au amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Hebu tuifuate historia ya jambo hili. Ukiijua, utaona kwamba si kosa la mzee, wala si kosa lako wewe unayemtunza.

Ugonjwa ulipataje jina?

Mwaka wa 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, mfanyakazi mmoja wa reli alimpeleka mkewe hospitalini. Mama huyo, Auguste Deter, alikuwa na umri wa miaka 51. Alisahau mambo, alimshuku mumewe bila sababu na usiku hakulala. Mume alikuwa amelemewa. Daktari aliyemchunguza aliitwa Alois Alzheimer. Mama alipofariki mwaka wa 1906, daktari aliutazama ubongo wake, akaukuta umesinyaa na una mabaka. Mwaka huo huo aliwaeleza madaktari wenzake, na mwaka wa 1910 ugonjwa ukapewa jina lake.

Angalia jambo moja, mama. Habari hii ilianza na mlezi aliyechoka, akaomba msaada. Jina la daktari linajulikana dunia nzima, lakini ni wachache wanaomkumbuka yule mume.

Leo magonjwa ya namna hii huitwa kwa jumla demenshia. Alzheimer ndio unaoonekana zaidi, lakini demenshia huweza pia kuletwa na kiharusi, na kiharusi mara nyingi huletwa na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Na kwetu je?

Mwaka huo wa 1910, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Ndiyo hospitali tunayoijua leo kama Mathari. Lakini Nairobi ilikuwa mbali. Wazee waliosahau walibaki bomani, wakilishwa na kuoshwa na binti zao, wake za wana wao na wajukuu. Aliyehesabu wagonjwa wodini hakuwaona. Ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu wengi walidhani ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika.

Kisha, katika miaka ya 2009 na 2010, watafiti walifika katika vijiji 6 vya wilaya ya Hai, huko Kilimanjaro, Tanzania. Waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waligundua kwamba takribani 6 katika kila 100 walikuwa na demenshia. Wagonjwa walikuwapo siku zote. Walikuwa nyumbani, na mlezi alikuwa kando yao bila kuhesabiwa naye.

Kutoelewa mambo haya kuna hatari. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashutumu kwa uchawi. Mzee anayezurura usiku na kuongea peke yake hushukiwa upesi. Ukisikia mtu akimwita mgonjwa wako mchawi, usinyamaze. Mwambie huo ni ugonjwa wa ubongo, na umjulishe chifu au naibu wake mapema.

Msaada ulianzaje?

Mwaka wa 1984 vyama vya Alzheimer vya nchi mbalimbali viliungana kuwa shirika la kimataifa, na tangu 1994 tarehe 21 Septemba ni siku ya kuukumbuka ugonjwa huu duniani. Hapa Kenya, Elizabeth Mutunga, ambaye babake alipatwa na demenshia, alianzisha shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, linalowaleta walezi pamoja. Tena ni familia iliyoanza.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Yaani mzigo huu si wako peke yako kisheria. Mwaka wa 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa kuwafikia wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Kama mzee wako hajaandikishwa, anza kwa naibu wa chifu ukiwa na kitambulisho chake.

Ufanye nini nyumbani?

1. Mpeleke kituo cha afya. Kusahau kwingine hutibika: kunaweza kuletwa na upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi, huzuni nyingi au dawa fulani. Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, mkimbize hospitali. Huenda ni malaria, maambukizi au kiharusi.

2. Usibishane naye. Akimuulizia mumewe aliyefariki zamani, mwombe akusimulie habari zake.

3. Weka saa moja ya kula, kuoga na kulala kila siku. Ficha panga, dawa za shamba na kiberiti. Waambie majirani na watu wa bodaboda wakimwona njiani wamrudishe.

4. Gawaneni kazi. Iteni kikao cha familia. Ndugu aliye Nairobi atume pesa za dawa, na aliye karibu ashike zamu ya Jumamosi. Wavulana pia wanaweza kumlisha nyanya.

5. Jitunze. Lala, kula, pima shinikizo la damu yako. Ukijiona unamfokea au kutaka kumpiga, toka nje, mwachie mwingine, kisha zungumza na muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji chako.

6. Kutaneni. Kule Hai wagonjwa waliwekwa katika vikundi vya mazungumzo na michezo ya kuamsha akili, na hali yao ikawa afadhali. Vyama vya akina mama tunavyo tayari hapa Kabuchai. Siku ya chama, tengeni nusu saa ya walezi, kila mmoja aseme yanayomsumbua.

Kumbuka: demenshia bado haina dawa ya kuiponya. Lakini mgonjwa anaweza kuishi kwa heshima, na mlezi anaweza kupumzika. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Leo jioni, mtaje mtu mmoja katika familia yenu utakayemwomba zamu ya kwanza.