Injini Mbili, Injini Tatu

Mjukuu wangu hapa Chalinze ana mchezo wa ndege za vita kwenye kompyuta. Kwa vita vya Ethiopia alichagua Wellington. Nikamwambia, bwana mdogo, hiyo ilipiga Ujerumani na Libya. Ndege ya Kiingereza ya injini mbili inayofaa huko ni Blenheim, yenye watu watatu, iliyoruka kutoka Aden. Upande wa Kenya ni ajabu zaidi: mwaka 1940 Afrika Kusini iliwapiga Waitaliano kwa Junkers 86, ndege ya Kijerumani!

Ndege nyingi za Waitaliano za mabomu zilikuwa na injini tatu. Marehemu baba, askari wa KAR kutoka Tanganyika, alihesabu injini kwanza, ndipo akaamua kujificha.